Mzizi ni Elimu au ni Matendo?

Tulipokuwa watoto chuoni, mwalimu wetu alikuwa na neno moja alilolirudia kila Alhamisi kabla ya kuturuhusu kwenda zetu: elimu isiyo na amali ni mti usio na matunda. Tuliliitikia kwa sauti moja, kisha tukakimbilia mtoni, wala hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiri. Na kwa kweli ni nani atakayelipinga? Wakristo nao wana lao linalofanana nalo, na wazee wetu wasio na chuo wala kanisa walisema kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Nilikua nikidhani kwamba dunia nzima imekwisha kukubaliana juu ya jambo hili: kujua ni kuzuri, lakini kutenda ndio mwisho wa maneno.

Basi nilishangaa sana nilipopata habari kwamba wako watu waliolileta swali hili barazani, wakalijadili pande mbili, wakatoa hukumu, na hukumu yenyewe ikawa kinyume cha neno la mwalimu wangu. Walisema mzizi wa dini ni elimu, si matendo. Watu hao ni watawa wa Kibuddha wa kisiwa kile ambacho leo tunakiita Sri Lanka, na baraza lao lilikaa yapata miaka 2,000 iliyopita. Ndugu msomaji, habari hii imekaa nami kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwa muda mrefu niliitumia vibaya. Ndiyo sababu naiandika.

Mwaka 1979 alikuja shuleni kwetu mwalimu wa hisabati kutoka Sri Lanka. Alikuwa Msinhala, mtu wa makamo, mwembamba, mpole, asiyekula nyama. Nyumba zetu zilipakana, na jioni tulizoea kunywa chai pamoja barazani kwake. Mimi nilifundisha historia, naye akaniazima kitabu cha Kiingereza juu ya historia ya dini ya Kibuddha nchini mwao, kilichoandikwa na mtawa Msinhala, Walpola Rahula, na kuchapishwa mwaka 1956. Mimi ni Mwislamu na nilikisoma kama Mwislamu, yaani kwa udadisi tu. Sikutazamia kukuta humo jambo litakalonihusu.

Wasinhala husimulia kwamba dini hiyo iliwafikia katika karne ya tatu kabla ya Kristo, wakati wa mfalme wao Devanampiya Tissa. Aliyeileta ni mtawa Mahinda, ambaye mapokeo yao yanamtaja kuwa mwana wa Ashoka, mfalme mkuu wa India. Mahinda alikutana na mfalme katika kilima cha Mihintale, karibu na mji wa Anuradhapura, akamhubiria. Baadaye alifuata dada yake, Sanghamitta, naye akaja na tawi la ule mti ambao Buddha alikaa chini yake siku alipopata mwanga. Tawi lilipandwa Anuradhapura, na mti ungalipo mpaka leo. Kaka alileta maneno, dada alileta mti. Nakuomba, msomaji, ulishike hilo, kwa maana mimi nililisoma likanipita.

Yale maneno hayakuwa yameandikwa. Mafundisho ya Buddha, ambayo wao huyaita Tipitaka, maana yake makapu matatu, yalikuwa vichwani mwa watu. Kundi hili la watawa lilihifadhi sehemu hii, kundi lile sehemu ile, wakakaririana usiku na mchana na kusahihishana, kama mahafidhi wetu wanavyofanya. Mambo yalikwenda hivyo kwa karne nyingi, na kisha ikaja dhiki.

Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, zama za mfalme Vattagamani Abhaya, kisiwa kilikumbwa na uasi, uvamizi na njaa kwa mara moja. Njaa ile, kwa masimulizi yao, ilidumu miaka 12. Watu walikufa, mahekalu yakabaki matupu, na watawa wengi wakavuka bahari kwenda India. Lakini wako kama sitini waliofika pwani kisha wakarudi nyuma. Walikwenda nchi ya milimani wakaishi kwa mizizi na majani ya miti. Walipokuwa na nguvu za kukaa, walikaa wakikariri. Nguvu zilipowaishia hata wasiweze kukaa, walijirundikia mchanga pande zote ili miili isianguke, wakalaza vichwa pamoja mahali pamoja, wakaendelea kuyapitia mafundisho, neno kwa neno. Njaa ilipokwisha na wenzao 700 wakarejea kutoka ng'ambo, walikaa wakalinganisha waliyoyahifadhi hawa na waliyoyahifadhi wale. Inasemekana halikutofautiana hata neno.

Ndipo swali likazuka. Walikuwako watawa waliojinyima kila kitu, wavaao matambara ya kuokota, na hawa walisema mzizi wa dini ni matendo. Walikuwako wengine, wasemaji na wafundishaji, wakasema mzizi ni elimu. Kila upande ulitoa hoja zake. Wasomi walisema: hata wakiwapo madume mia au elfu wa ng'ombe, pasipo jike mmoja ukoo wao umekatika, vivyo hivyo hata wakiwapo wacha Mungu mia, pasipo elimu njia itapotea. Wakasema tena: hazina iliyofukiwa haipotei maadamu jiwe lenye maandishi ya kuionyesha bado lipo. Wavaa matambara walinyamaza, na hukumu ikawa kwa wasomi. Zama zile zile za mfalme Vattagamani Abhaya, katika pango la Aluvihara karibu na Matale, Tipitaka ikaandikwa kwa mara ya kwanza juu ya majani makavu ya miti ya jamii ya mvumo.

Niliposoma hayo nilimwambia mwenzangu kwamba sisi Waislamu tunayo habari ya namna hiyo. Katika vita vya Yamama, mwaka 633, waliuawa mahafidhi wengi, na Sayyidna Umar akahofu kwamba Kurani itapotea pamoja na vifua vilivyoibeba, ndipo Sayyidna Abubakar akaamuru ikusanywe. Mwenzangu alifurahi sana. Akasema: "Mwalimu, kumbe babu zetu waliogopa kitu kimoja."

Lakini aliniongezea kisa kingine, nacho ni kigumu zaidi. Katika zama zile za dhiki, kitabu kimoja cha mafundisho, Mahaniddesa, kilibaki kwa mtu mmoja tu. Hapakuwa na mwingine aliyekijua, na huyo mmoja alikuwa mtu wa mwenendo mbaya, mvunja kanuni za utawa. Wema wangefanya nini? Wamwache afe na kitabu chake, au waende wakakae miguuni pa mtu mchafu? Mtawa mmoja mwenye heshima, Maharakkhita, alikataa kwanza, kisha kwa kusihiwa na wenzake akaenda, akajifunza kitabu chote kwa mtu yule, naye akawafundisha wengine. Hivyo ndivyo kitabu kilivyosalimika.

Hebu lifikiri hilo, msomaji. Wema wote wa wale watawa wema usingeweza kukirudisha kitabu, na ubaya wa yule mmoja haukukichafua. Basi tutasemaje tena kwamba matendo ndiyo mzizi? Mimi nilikuwa kijana wa vitabu, na moyo wangu ulifurahia hukumu ile. Niliona kwamba hatimaye nimepata watu wa kunitetea.

Na hakika hukumu ile ilizaa mengi. Watawa wa Lanka waliandika fasiri za mafundisho kwa lugha yao ya Kisinhala, na katika karne ya tano mtawa Buddhaghosa alikuja Anuradhapura kutoka India akazikusanya na kuzitia katika lugha ya Kipali. Zile za Kisinhala zimepotea. Hizi za Kipali ndizo zilizotufikia, na humo ndimo zimo habari za mchanga na za baraza. Katika karne ya 18 utawa ulikuwa umefifia nchini mwao kiasi cha kutopatikana watawa wa kutosha kumwingiza mtu mpya katika daraja kamili. Msomi Saranankara akashughulika mpaka mwaka 1753 wakaletwa watawa kutoka Siam kuihuisha daraja ile. Karne iliyofuata, chini ya utawala wa Waingereza, vilifunguliwa Colombo na kandokando yake vyuo viwili vikubwa vya watawa, Vidyodaya mwaka 1873 na Vidyalankara mwaka 1875, na vyote viwili vikaja kuwa vyuo vikuu mwaka 1959. Hata Mwingereza Rhys Davids, aliyeanzisha mwaka 1881 chama cha kuchapisha vitabu vya Kipali, alikuwa amejifunza lugha hiyo kwa mtawa wa kisiwani alipokuwa mtumishi wa serikali huko. Leo ulimwengu unaweza kusoma maneno yale, na yumkini usingeweza lau si wale sitini na mchanga wao.

Lakini hukumu ilikuwa na upande wa pili. Ikawa desturi kuona kwamba mtawa ana mizigo miwili ya kuchagua, mzigo wa vitabu na mzigo wa kutafakari, na aghalabu vijana wenye akili walipewa ule wa vitabu, huu wa pili ukaachiwa wazee na wadhaifu. Kutenda kukawa kazi ya walioshindwa kusoma. Jambo jingine nililitambua baadaye sana: ni nani aliyetuandikia habari za baraza lile? Ni wasomi. Wavaa matambara walinyamaza, naam, lakini kunyamaza kwao tumeambiwa na washindi wao.

Siku moja mwezi Juni 1981 nilimkuta mwenzangu amekaa barazani na redio ndogo, chai imepoa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi ule, maktaba ya mji wa Jaffna, kaskazini ya nchi yao, ilikuwa imeteketezwa kwa moto. Vilikuwamo vitabu na miswada kama 97,000, na katika hiyo ilikuwamo miswada ya kale ya Watamil iliyoandikwa juu ya majani makavu, yale yale ya jamii ya mvumo. Waliotia moto walikuwa kundi la Wasinhala, wakiwamo askari polisi. Mwenzangu hakuwa mtu wa siasa. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Mwalimu, wale sitini walijirundikia mchanga ili neno moja lisipotee. Sisi tuliosoma habari zao shuleni tumechoma nyumba nzima ya maneno."

Miaka miwili baadaye vita vilianza nchini mwao, vikaendelea mpaka mwaka 2009. Watawa wengine walihubiri amani, wengine walihubiri vita, na wote walikuwa wamesoma makapu yale yale matatu. Hazina haikuwa imepotea, na jiwe lenye maandishi lilikuwapo. Walipungukiwa na wa kufukua tu. Mwenzangu alirudi kwao mwaka 1982, akaniachia kile kitabu. Sikumwona tena.

Sasa nije kwangu, maana si haki kuhesabu moto wa wengine nikaacha wangu.

Kwetu ni Upareni, milimani. Mwaka 1976, nikiwa likizo, nilinunua daftari kubwa, lile tuliloliita kauntabuku, nikakaa na baba wiki tatu nikaandika yote aliyonieleza: majina ya babu hadi kizazi cha nane, mipaka ya kihamba chetu, masale yalipandwa wapi na nani alishuhudia, chemchemi ni ya nani, nani alikopa mbuzi wa nani. Nilijivunia daftari lile. Kisha nikarudi kazini, nikaoa, nikahamishwa mara nne. Mwaka 1992 baba alipatwa na kiharusi. Mimi nilileta fedha nilipoweza, na barua nzuri. Mdogo wangu wa kike, aliyeishia darasa la nne na ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika, alirudi nyumbani akamtunza. Alimlisha, akamwogesha, akamgeuza usiku asipate vidonda, kwa miaka sita, hadi baba alipofariki mwaka 1998.

Mwaka uliofuata jirani alidai ukanda wa shamba letu. Wazee walikaa, mimi nikafungua daftari, nikasoma masale moja moja na majina ya mashahidi. Tulishinda siku hiyo hiyo. Baadaye, ukoo ulipokaa kuamua juu ya nyumba ya baba, wazee walisema mwenye daftari ndiye mwenye mji, nami ni mwana mkubwa tena. Sikukataa. Bali niliwasaidia: niliwasimulia habari za watawa wa Lanka, jinsi walivyoamua kwamba elimu ndiyo mzizi. Wazee walipendezwa sana. Mdogo wangu alikuwa amekaa mlangoni na sufuria mapajani. Alisema neno moja tu: "Kaka, wewe umemwandika baba. Mimi nimemwogesha." Hakuna aliyemjibu. Mzee mmoja akauliza kama chakula kimeiva.

Alihamia Moshi, katika chumba kimoja kwa binti yake. Mimi niliipangisha nyumba. Kodi yake nimeila kwa miaka minane.

Mwaka 2007, nikiwa nimestaafu, nilipita Dar es Salaam kufuatilia mafao yangu. Katika mji ule liko hekalu la Wasinhala, lililoanzishwa tangu miaka ya 1920 na watu wa kisiwa kile waliokuja kufanya kazi hapa. Nilikuwa nimelisikia kwa mwenzangu, nikaenda kulitazama. Uani kuna mti mkubwa, ambao wenyeji wa pale husema umetokana na ule wa Anuradhapura. Mtu mmoja alikuwa akifagia majani chini yake, kisha akaumwagilia maji. Nikakumbuka: kaka alileta maneno, dada alileta mti. Maneno unaweza kuyakariri mara moja ukayafunga kifuani. Mti haukaririwi, lazima mtu aamke leo aumwagilie, na kesho tena, na hivyo ndivyo umedumu miaka zaidi ya 2,200.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, nilikifungua tena kitabu cha mwenzangu, nikaona nilivyokosea. Wale wazee wa baraza hawakuulizwa ni nani bora mbele ya haki, msomi au mtenda. Waliulizwa dini itadumu kwa kitu gani watu wakifa. Hilo ni swali la kuhifadhi, nao walitoka katika njaa iliyokaribia kufuta kila kitu. Walijibu kama watu waliotoka kwenye njaa. Kisa cha mtu mwovu mwenye kitabu kinasema vivyo hivyo: kitabu kilisalimika, lakini hakuna aliyesema kwamba yule mtu alisalimika nacho. Na wale sitini, je, walikuwa wasomi au watenda? Kulala na njaa mchangani, ukiendelea kukariri wakati kinywa kimekauka, kama hayo si matendo sijui matendo ni nini. Elimu iliyowekwa kuwa mzizi ilikuwa elimu iliyobebwa namna ile. Haikuwa daftari langu.

Nilikwenda Moshi. Nilimwambia mdogo wangu nyumba ni yake, na kodi ya miaka minane nitailipa kidogo kidogo. Hakunishukuru, wala sikustahili shukrani. Aliniuliza tu: "Na daftari?" Nikasema daftari la nini, mipaka inajulikana. Akasema: "Lete. Wajukuu wanajua kusoma. Nami nina ya kuongeza."

Tulikaa siku nne. Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa, naye akanisahihisha. Babu wa tano na wa sita nilikuwa nimewapindua. Ile chemchemi haikuwa yetu. Baba alikuwa amemwachia mjane mmoja kwa neno la mdomo tu, na jambo hilo hakunieleza mwaka 1976. Alimweleza yeye, usiku, wakati akimgeuza, kwa ulimi ule mzito wa kiharusi ambao kila mtu alidhani hausemi kitu. Miaka sita alikuwa akisikiliza. Kwa hiyo yule aliyeishia darasa la nne alikuwa amehifadhi kitabu ambacho mimi msomi sikujua hata kwamba kipo. Nilichukua kalamu nikaandika kwa maneno yake, kurasa thelathini na mbili. Chemchemi tumewarudishia wajukuu wa yule mjane, na jirani mmoja aliuliza ni mwendawazimu gani anayegawa maji.

Basi mzizi ni upi? Nimezeeka, na jibu langu ni fupi. Pasipo mtu wa kuandika, mema ya watu hufa pamoja nao. Hili wale watawa walilijua kwa njaa, nami siwezi kulipinga. Lakini mengi yaliyo mema hayamfikii mwandishi hata siku moja, kwa sababu husemwa usiku, kwa sauti ya chini, kwa yule aliyeamka kumgeuza mgonjwa. Anayetaka kuyaandika hana budi kwanza awe pale. Mimi sikuwa pale. Nimeliandika hili mwishoni mwa daftari, chini ya majina ya babu zetu, ili wajukuu walikute.